Radiolojia kwa mwanafunzi wa DO: tafuta watu wa kukujua mapema

Wadogo zangu mnaosoma udaktari huku Marekani kwenye vyuo vya osteopathi, meseji zenu karibu zote zinauliza kitu kimoja, eti DO, yaani daktari aliyesomea vyuo hivyo, anaweza kweli kuingia residensi ya radiolojia (mafunzo ya ubingwa wa kusoma picha za ndani ya mwili) au ajipange tu na udaktari wa familia. Anaweza. Mimi mwenyewe ni DO, nasoma CT na MRI kila siku, na daktari wa emajensi akinipigia saa nane usiku anataka kujua kama mgonjwa wake anavuja damu kichwani, cheti changu hakimuhusu. Ila kuingia ni kugumu, na ugumu wenyewe wengi hamjaelekezwa uko wapi, ndo maana leo naandika kwa urefu.

Kidogo kwa ajili ya wazazi walioko Mwanza au Mombasa. DO wa Marekani ni daktari kamili, anapewa leseni majimbo yote 50, anaandika dawa, anapasua. Andrew Taylor Still ndiye aliyeanzisha, na chuo cha kwanza kilifunguliwa Kirksville, Missouri, mwaka 1892. Uingereza osteopathi ni fani nyingine ya kutibu viungo kwa mikono na wenye fani hiyo sio madaktari, kwa hiyo ndugu aliyeko London akishtuka mwelezeni taratibu tofauti ni ipi.

Sasa radiolojia yenyewe. Unafanya mwaka mmoja wa intanshipu, alafu miaka 4 ya kusoma picha, na wengi wanaongeza mwaka wa kubobea kwenye ubongo, matiti, mifupa na kadhalika. Ushindani wake unapanda na kushuka. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, yule bingwa wa akili bandia, alisema watu waache kufundisha maradiolojisti kwa sababu kompyuta zitawashinda ndani ya miaka michache, na wanafunzi wengi waliogopa kweli. Leo hospitali zinahangaika kupata wasomaji, picha zinaongezeka kuliko watu wa kuzisoma, na waombaji wamerudi kwa wingi, kwa hiyo hata mwenye alama nzuri anaweza kukosa.

Zamani DO walikuwa na residensi zao peke yao chini ya AOA, chama chao cha osteopathi, nyingi zikiwa Michigan, Ohio na Pennsylvania. Kufikia 2020 zote ziliunganishwa chini ya ACGME, bodi inayosimamia residensi za MD (madaktari wa vyuo visivyo vya osteopathi). Kwenye karatasi milango yote ikafunguka, lakini pia zile nafasi zilizokuwa za DO tu sasa MD anaziomba, na programu ndogo ndogo zingine zilifungwa kabisa.

Ugumu wenyewe ndo huu. Mwanafunzi wa MD kwenye chuo kikubwa ana idara ya radiolojia palepale kampasi, ina maresidenti, ina mkurugenzi wa programu ambaye amemfundisha mwaka wa pili na anamjua kwa jina. Sisi vyuo vyetu vingi havina hospitali yake, mwaka wa tatu unatawanywa kwenye hospitali za kawaida za miji midogo, na radiolojisti wa huko ni mtu wa kikundi binafsi anayesoma picha kwa kasi, mara nyingine anasomea nyumbani kwake, hana muda wa kukaa na mwanafunzi wala haandikagi barua za residensi. Unafika mwaka wa nne hakuna radiolojisti hata mmoja wa chuo kikuu anayejua jina lako. Ukishaelewa hilo mengine yote utayaelewa, maana karibu kila kitu nitakachokwambia hapa ni njia ya kuziba hilo pengo.

Anza likizo baada ya mwaka wa kwanza. Fungua tovuti za programu zilizo karibu na wewe, tazama orodha ya maresidenti waliopo, tafuta wenye DO mwishoni mwa majina yao, waandikie. Wanajibu, kwa sababu na wao waliwahi kutafuta mtu hivyo hivyo. Omba kusaidia ripoti ya kesi au utafiti wa mafaili ya nyuma, kitu cha kupeleka kwenye mikutano ya vyama vya radiolojia, RSNA pale Chicago au ARRS. Wala hauhitaji makaratasi kumi. Unahitaji moja ambalo unaweza kulieleza mpaka mwisho, maana kwenye intavyuu atakuuliza mtu ambaye kazi yake ni hiyohiyo na ndani ya dakika mbili atajua kama uliandika wewe au jina lilichomekwa tu.

Mitihani. Chuo kitakwambia COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, inatosha, na kisheria inatosha, lakini kwa radiolojia mimi nasema fanya na USMLE, ule wa MD. Mkurugenzi ana mafaili mamia kwa mamia, anataka namba anayoweza kulinganisha, na kuna programu ambazo faili lisilo na USMLE halifunguliwi kabisa. Step 1, hatua ya kwanza ya USMLE, tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, COMLEX Level 1 nayo ikafuata mwaka huohuo, kwa hiyo mzigo wote umehamia Step 2. Hiyo ndo namba yako. Ifanye mapema ili majibu yatoke kabla programu hazijaanza kufungua mafaili mwishoni mwa Septemba. Najua ni gharama mara mbili na wiki nyingi za kusoma vitu vinavyorudiana, na wengi wenu mnafanya kazi wikiendi huku mnatuma hela nyumbani, inauma. Lakini kama mitihani ya mazoezi inaonyesha haujawa tayari, sogeza tarehe, kufeli hakufutiki kwenye rekodi.

Rotesheni za ugenini mwaka wa nne, yaani kwenda kujifunza kwa muda kwenye hospitali ya programu unayoitaka, ndo moyo wa jambo lote, unaziomba kupitia mfumo wa mtandaoni wa VSLO. Hapa nitakaa kidogo maana radiolojia ina shida yake. Kwenye upasuaji mwanafunzi anashika vyombo, anashona, anaonekana. Kwetu unakaa kwenye kiti nyuma ya residenti kwenye chumba cha giza masaa manane na ukinyamaza hakuna atakayekukumbuka. Cha kufanya ni hivi, residenti akifungua CT ya tumbo wewe fungua faili la mgonjwa, mwambie alipasuliwa nini, damu yake inasemaje, picha ya nyuma ilikuwa lini na ule uvimbe ulikuwa na ukubwa gani, hayo yanamuokolea muda kweli. Kesho yake rudi na majibu ya patholojia: yule mama wa jana mwenye kinundu kwenye ini, biopsi imetoka hivi. Radiolojisti wengi hawapati nafasi ya kufuatilia kesi zao zote, na mwanafunzi anayemletea majibu bila kuombwa hasahauliki. Jua kwa nini CT hii ina dawa ya kung'arisha picha inayochomwa mshipani na ile haina, soma Appropriateness Criteria za ACR (miongozo ya chama cha maradiolojisti kuhusu picha ipi inafaa lini), jua BI-RADS ya matiti na LI-RADS ya ini, yaani madaraja ya kupima uwezekano wa saratani, angalau kwa juu. Ukiitwa kusoma kesi asubuhi mbele ya watu sema kwanza unachokiona kabla ya kusema unachokidhania. Na kabla haujaondoka, muombe barua mtu aliyekaa na wewe kweli, hata kama sio mwenye cheo kikubwa. Kila programu inapokea barua zisizozidi 4, ziwe mbili za radiolojia na angalau moja ya daktari wa wodini, maana utahitaji pia wa kukuchukua mwaka wa intanshipu.

Ishara, zile za dhahabu na za fedha unazotuma kwenye ERAS (mfumo wa maombi ya residensi) kuionyesha programu kuwa unaitaka hasa, ni chache, usizipeleke kwa programu kwa sababu ya jina kubwa. Kama maresidenti wa miaka yote minne hakuna DO hata mmoja, ishara yako ya dhahabu pale kwa maoni yangu umeitupa. Ipeleke ulipofanya rotesheni, au mji ambao una ndugu na unaweza kueleza kwa nini unataka kuishi pale. Na kama hauna green card, uliza kwa maandishi kabla haujalipia maombi kama wanadhamini viza, programu zingine hazidhamini kabisa.

Nafasi nyingi za radiolojia zinaanza mwaka wa pili wa mafunzo, kwa hiyo unaomba vitu viwili kwa pamoja, radiolojia na mwaka wa intanshipu, na kwenye NRMP, wanaoendesha Mechi, yaani mfumo wa kulinganisha waombaji na programu, kuna orodha ya nyongeza ya kupanga hiyo intanshipu. Panga programu kwa mapenzi yako ya kweli, usibahatishe nani anakutaka. Mfumo ule, ambao mchumi Alvin Roth alisaidia kuuunda upya miaka ya 1990, unaanza na chaguo lako wewe, na kuweka unayoipenda namba moja hakukupunguzii nafasi kwenye namba mbili.

Na kama Jumatatu ile ya Machi, ya wiki ya Mechi, wanakwambia haujapata nafasi. Kwenye SOAP, yaani ugawaji wa nafasi zilizobaki, za radiolojia zinakuwa za kuhesabu, kwa hiyo chukua intanshipu nzuri, ya medisini au upasuaji, mahali penye idara ya radiolojia, jitambulishe kwao wiki ya kwanza. Septemba omba tena, na safari hii tafuta hasa zile nafasi zenye herufi R kwenye NRMP, zinatolewa kwa madaktari ambao tayari wana mwaka wa mafunzo au wanaumalizia, na zinaanza Julai ya mwaka huohuo wa Mechi, yaani intanshipu inaisha Juni na mwezi unaofuata unaingia kusoma picha bila mwaka katikati wa kukaa bure. Wanafunzi wengi wa DO hawajui kama hizo nafasi zipo.