Mtoto Akishikwa na Degedege

Kijiko hufika mapokezi pamoja na mtoto. Mama anaingia mbio, mtoto begani, na nyuma yake bibi bado ameshika kijiko cha chai alichokipenyeza kati ya meno ya mjukuu ili asiumeze ulimi. Ulimi haumezwi. Tunachokutana nacho ni fizi zinazovuja damu na pengine jino la mbele lililong'oka.

Wazee waliuita mtukutiko huu degedege wakiamini kuna ndege mbaya aliyepita juu ya mtoto. Ukimtazama mtoto mwenyewe huwezi kuwashangaa: macho yamegeuka juu, mikono inapigapiga kama mbawa, povu mdomoni. Basi alifukizwa kwa kinyesi cha tembo, na ikaaminika kwamba akichomwa sindano atakufa. Mimi naona sindano imesingiziwa. Aliyeshinda kutwa nzima kwenye mafusho hufika hospitali jioni akiwa hoi, na sindano ndiyo inakuwa ya mwisho kumgusa.

Degedege la homa huwapata zaidi watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, na mara nyingi huisha lenyewe kabla ya dakika 5. Dakika hizo ni ndefu mno kwa mzazi, najua. Mlaze mtoto chini, ubavu, mate yatoke nje. Ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, legeza nguo, tazama saa ya simu. Usimbane mikono, usimtumbukize kwenye maji baridi, usimtie kitu chochote mdomoni: si maji, si mafuta, si dawa ya homa. Parasetamo atapewa akishazinduka. Nayo humpunguzia tu adha ya homa, haizuii degedege, kwa hiyo mama usijilaumu kwamba ulichelewa kumpa.

Likishapita, twendeni hospitali hata kama mtoto anacheka. Kwenye maeneo yetu ya malaria, degedege laweza kuwa malaria kali iliyofika kwenye ubongo, au homa ya uti wa mgongo, na kwa macho ya nyumbani hakuna awezaye kuzitofautisha. Likizidi dakika 5, likirudi, au mtoto asipozinduka, msingoje kupambazuke.

Malaria kali hushusha pia sukari ya damu, na ubongo wa mtoto hauna akiba. Akiwa macho, anyonye njiani. Akiwa hajitambui, degedege limeshakoma na safari ni ndefu, hapo sasa kijiko kina kazi: sukari kijiko kimoja cha chai, iloweshe kwa matone machache ya maji, uiweke chini ya ulimi akiwa amelala ubavu.

Zahanati inaweza kumpa mtoto wa chini ya miaka 6 artesuneti, dawa ya malaria, kwa njia ya haja kubwa kisha ikaandika rufaa. Dawa hiyo ni ya kununua muda tu. Nimewapokea waliochangamka njiani, bodaboda ikageuzwa, na baada ya siku mbili wakaletwa wamepoteza fahamu. Hospitalini kuna artesuneti ya sindano, inayotolewa akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, halafu anamalizia dozi ya dawa mseto ya malaria kwa mdomo. Kwa wanaoogopa sindano: utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa 2010, ulionyesha kuwa waliotibiwa kwa artesuneti walifariki asilimia 8.5, na waliotibiwa kwa kwinini, dawa ya zamani ya malaria, asilimia 10.9.

Si lazima mtoto atikisike ndipo akimbizwe. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, au aliyelegea haamki vizuri, naye ni wa dharura. Akipumua kwa shida, mfunue kifua umhesabu dakika nzima: pumzi 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni haraka mno. Chini ya mbavu pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, acha kuhesabu, ondoka.

Mkifika, tuambieni lilianza saa ngapi, lilidumu kiasi gani, mwili wote au upande mmoja. Njooni na kasha la dawa aliyopewa. Na kama amenyweshwa mizizi au amefukizwa, semeni. Hatutagomba, daktari wa zamu anataka tu kujua kilichoingia tumboni kabla hajaongeza chake.