Breki ya Segway ni visigino vyako

Naongoza wageni Berlin kwa Segway, ile skuta ya umeme ya magurudumu mawili yaliyo sambamba, unayoipanda ukiwa umesimama wima. Swali la kwanza huwa lilelile. Mama mmoja wa Handeni, aliyekuja kumtembelea mwanawe, aliikagua mbele na nyuma, akaniuliza, "Mwanangu, breki iko wapi?"

"Haina, mama. Breki ni visigino vyako."

Akarudi nyuma hatua mbili.

Sikuwa namtania. Umewahi kusimamisha fimbo kiganjani? Ikitaka kuangukia mbele, unakiwahisha kiganja kuifuata. Segway hufanya hivyo hivyo, ila fimbo ni wewe. Ndani mna jairoskopu 5, yaani vihisi vinavyopima mwinamo wako mara kama 100 kwa sekunde. Ukielemea vidole, mota zinayasukuma magurudumu mbele yakudake. Ukielemea visigino inapunguza mwendo, inasimama, na ukizidisha inarudi nyuma. Ukikaribia kilomita 20 kwa saa, usukani wenyewe unakurudisha nyuma. Usishindane nao.

Ninaowaona wakiyumba ni wale wanaotazama miguu yao. Tazama mbali. Na ukishuka, shuka kinyumenyume, mguu mmoja baada ya mwingine, bila kuuvuta usukani. Ukiuvuta, mashine inakufuata, na muundi wako utakumbuka.

Hapa sheria inatupeleka njia za baiskeli, na umri ni kuanzia miaka 14. Kofia ngumu sheria hailazimishi, mimi nalazimisha.

Kupanda kitu hiki kunakuinua shubiri moja tu, lakini miguu inaisoma barabara. Karibu na lango la Brandenburger Tor kuna safu mbili za mawe zilizokatiza lami. Hapo ndipo ulipopita Ukuta wa Berlin, ulioligawa jiji hili, 1961 hadi 1989. Aliye kwenye basi anapita bila habari. Wewe magoti yanakuambia.

Kisha tunaingia Wilhelmstraße. Leo ni fleti za zege, watu wameanika nguo. Palikuwa na makao ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, na humo, kuanzia Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa mataifa 14 waliijadili Kongo, Niger na masharti ya kudai pwani za Afrika. Mwafrika hakualikwa. Kesho yake tu, tarehe 27, Kaizari wa Ujerumani akakipa chama cha ukoloni cha Carl Peters hati ya ulinzi wa Ujerumani juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami.

Pana kibao cha maelezo. Hapo huwashusha wote, maana mtu akiinama kusoma, mashine hudhani anataka kwenda. Siku ile nilichelewa kusema. Niliposikia "Uzigua", nchi ya kwao Handeni, likinitoka mdomoni, mama alikuwa tayari ameinama, na Segway ikaanza kumpeleka kwenye kibao. Visigino vikamsimamisha. Akashuka vizuri kabisa, kinyumenyume, akanikabidhi usukani.

"Nisomee tena," akasema. "Polepole."