Gari limegoma kuwaka: "kupima" maana yake nini?

Siku hizi gari likigoma kuwaka Dar es Salaam, ushauri wa kwanza ni "kalipime", na wengi wanaosema hivyo wanamaanisha kuchomeka mashine isome kosa. Kupima ni kazi pana zaidi. Ni kuliuliza gari swali ambalo jibu lake linafuta sehemu kubwa ya washukiwa, kisha kuuliza jingine, mpaka abaki mmoja. Mashine inasaidia, lakini kibanio cha betri kilicholegea hakiandikwi humo.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: ukizungusha ufunguo, injini inazunguka au haizunguki? Watu husema "haliwaki" kwa hali zote mbili, ilhali ni magonjwa tofauti kabisa. Isipozunguka, shika betri, waya zake na stata, yaani mota ya umeme inayozungusha injini. Ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida bila kushika, hao watatu hawana kesi. Tafuta mafuta na moto wa plagi.

Isiyozunguka ndiyo inayokula pesa za watu bure. Betri ya gari dogo ina vyumba 6, kila kimoja volti 2.1 hivi, kwa hiyo ikijaa na gari limepumzika mita ya umeme husoma kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu, tuseme uliacha redio na taa vikifanya kazi kwenye foleni ya pantoni pale Magogoni. Ila namba hiyo peke yake isikutulize. Betri iliyochoka inaweza kusoma 12.5 ikiwa haina kazi, halafu stata ikivuta ampea mia na zaidi, inaporomoka. Mwambie mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita. Betri iliyochajiwa vizuri ikishuka chini ya 9.6, mara nyingi imekufa. Ikibaki kwenye 12 na stata iko kimya, iache betri, maana umeme umekwama njiani au stata yenyewe ina shida. Kwenye gari la otomatiki, jaribu kwanza kuwasha gia ikiwa kwenye N, yaani gia huru.

Na njiani ndipo mji huu unapotuonea. Hewa yetu ina chumvi ya bahari na joto kali, na vibanio vya betri hushika unga mweupe au wa kijani. Gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha betri, nyingine kwenye waya uliobanwa hapo, kisha stata ipigwe. Mita ikaribie sifuri. Ikionyesha nusu volti, umeme unapotelea hapo hapo. Nimemwona mtu anarudi kutoka Kariakoo na stata ya mtumba mkononi, kumbe shida ilikuwa unga ule, unaotoka kwa maji ya moto na brashi ya waya. Iliniuma, kwa sababu kipimo hicho ni cha dakika mbili.

Ikizunguka bila kushika, washa swichi tu na utege sikio nyuma. Kwenye magari mengi ya petroli pampu ya mafuta hulia kama sekunde mbili. Ikiwa kimya, anza na fyuzi na relei (swichi ndogo inayoipelekea umeme) kabla ya kuilaumu pampu. Taa yenye alama ya ufunguo ikimetameta, huenda gari halijautambua ufunguo wako. Na injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha mara moja, kwani huenda mkanda wa taimingi, unaoendesha vali za injini, umekatika.

Lipo gari ambalo sitaki lipigwe stata hata kwa kupima: lililozimikia kwenye maji, kama yale yanayojaa Jangwani wakati wa masika. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiwa juu ya pistoni na stata ikalazimisha, konrodi, mkono unaoishika pistoni, inapinda. Plagi zitolewe kwanza, injini izungushwe kwa mkono mpaka maji yatoke.