Hatifungani ya kijani: uliza nani atakulipa

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga, Tanga UWASA, iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati ya mkopo ambao fedha zake hutengwa kwa miradi ya mazingira, hapa ya maji. Ilikuwa ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walileta zaidi ya kilichoombwa, na hatifungani ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Haina udhamini wa Serikali. Deni linalipwa kwa mapato ya maji.

Mwekezaji aanzie hapo. "Kijani" inakueleza fedha zako zinakwenda wapi, si zitakurudia kutoka wapi. Riba peke yake kwa mwaka wa kwanza ni kama shilingi bilioni 7.17, na hizo hutoka kwenye bili. Kwa hiyo katika waraka wa matarajio, ule unaoeleza hatifungani kwa wanunuzi, tafuta kiasi cha maji kinachopotea kabla ya kufika kwenye mita, madeni ya taasisi zinazochelewa kulipa bili, na kama kuna akaunti maalumu ya kutengea fedha za wenye hatifungani. Bei ya maji huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hivyo mamlaka haiwezi kuipandisha kwa sababu tu umeme wa pampu umepanda. Mkandarasi wa mradi naye akichelewa, riba haimsubiri: inaanza kudaiwa kabla maji mapya hayajauzwa. Faida kubwa ya kukopa kwa shilingi ni kwamba bili inalipwa kwa shilingi pia. Aliyekopa dola huumia kila shilingi inaposhuka.

Kununua si kazi ngumu. Chukua kitambulisho chako cha NIDA, nenda kwa dalali mwenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, akufungulie akaunti ya CDS, inayotunza hatifungani zako kielektroniki. Hakikisha jina kwenye akaunti yako ya benki linafanana na la NIDA na kwamba akaunti hiyo inafanya kazi, la sivyo riba inaweza kukwama. Milioni 1 kwa asilimia 13.5 inakupa shilingi 67,500 kila miezi sita.

Wengi hushtuka wanapotaka kuuza mapema. Tuseme unayo hatifungani ya milioni 1 ya riba hiyo, mtaji unarudishwa wote mwishoni na imebaki miaka 8. Zikitoka mpya za asilimia 15.5, mnunuzi atataka apate kiasi hicho hicho, hivyo yako itauzika kwa takriban shilingi 910,000. Isitoshe, soko letu la pili la hatifungani za kampuni na taasisi, ambako wenye nazo huwauzia wengine, bado ni jembamba: wanunuzi ni wachache. Unaweza kungoja mnunuzi kwa wiki kadhaa. Fedha ya ada ya shule ya Januari isiwekwe humo.

Ukishanunua, dai ripoti ya matumizi ya fedha. Iliyo nzuri hutaja mabomba yaliyolazwa kwa kilomita, lita zilizoongezeka kwa siku na kaya zilizounganishwa, na huwa imepitiwa na mkaguzi wa nje. Ikiwa na picha za uzinduzi tu, mpigie dalali wako aiulize mamlaka husika.