"Nilimwona kwa macho yangu" na uzito wake mahakamani

Ukikaa kijiweni Majengo au Chang'ombe hapa Dodoma, kesi ya uvamizi wa usiku ikitajwa, wengi huamini hivi: shahidi akisema "nilimwona kwa macho yangu", mshtakiwa kwisha habari yake. Imani hiyo ina mzizi. Ushahidi wa aliyeona hupokelewa kweli, na sheria haidai idadi maalumu ya mashahidi. Hata mmoja anaweza kutosha.

Ila kupokelewa si kuaminiwa. Tangu uamuzi wa rufaa wa 1980, mahakama za Tanzania huuhesabu utambuzi wa kuona kuwa ushahidi dhaifu, usiotegemewa mpaka uwezekano wa kukosea uondolewe. Shahidi na mshtakiwa walikuwa umbali gani? Alimtazama kwa muda gani? Alimfahamu kabla? Na mwanga, hapo ndipo penye kazi. "Kulikuwa na taa" haitoshi. Itaulizwa taa ya aina gani, ilikuwa wapi, ina ukali gani. Mfikirie mvamizi mwenye tochi: inakumulika wewe usoni, yeye yuko gizani nyuma ya tochi.

Shahidi akimtaja mhusika mapema, anaaminika zaidi. Kama hakumfahamu, hutarajiwa aeleze wajihi wake mapema, kisha lifanyike gwaride la utambulisho, yaani mshukiwa apangwe na watu wengine, shahidi amchague. Kumnyooshea kidole kizimbani kwa mara ya kwanza hakubebi uzito mkubwa.

Hukumu za rufaa husomwa bure mtandaoni. Au umeme ukikatika leo, simama hatua kumi kutoka kwa jirani yako, umwambie akumulike kwa tochi, uone kama utautambua uso wake.