Homa Inayokuja Baada ya Mtoto Kupona

Katika kliniki za watoto tumekuwa tukipokea malalamiko ya wazazi waliofika na mtoto mwenye homa, wakaulizwa maswali mengi kuhusu mafua ya mwezi uliopita, kisha mtoto akatolewa damu mara mbili kwa siku moja, nao wakaona wanapotezewa muda. Maswali hayo hayaulizwi ovyo. Mtoto aliyeambukizwa virusi vya UVIKO-19, hata kama alikohoa siku mbili tu akarudi kucheza, anaweza baada ya wiki 2 hadi 6 kupata homa kali isiyoletwa na virusi vyenyewe bali na kinga ya mwili wake, ambayo badala ya kutulia huwaka na kuleta mchochota, yaani kuvimba na kuwaka kwa tishu za mwili, katika viungo kadhaa kwa pamoja: moyo, mishipa ya damu, utumbo, ngozi na figo. Madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari juu ya hali hii, inayojulikana kwa kifupi cha Kiingereza MIS-C, mwezi Aprili 2020. Ni nadra, na watoto wengi wanaotibiwa mapema hupona, lakini moyo ukiguswa mtoto anaweza kuzidiwa ndani ya saa chache.

Mtoto huwa na homa isiyokatika kwa siku 3 au zaidi, macho mekundu yote mawili bila tongotongo, midomo iliyokauka na kupasuka, vipele, na viganja au nyayo zilizovimba. Wengi hutapika, huharisha na kuumwa tumbo kiasi cha kujikunja, hata wengine hudhaniwa kwanza kuwa na kidole tumbo.

Tunaambiwa mara kwa mara, “Daktari, kipimo cha pua kilionyesha hana UVIKO.” Tumelieleza hili mara nyingi na tunalirudia: kipimo cha pua hutafuta virusi, na wiki ya nne virusi huwa vimekwisha kuondoka. Kipimo cha damu cha kingamwili nacho, yaani cha protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na virusi, kwa kuwa watoto wengi sasa wamekwisha kuambukizwa wakati fulani, hakitoshi peke yake. Kinachobaki ni kumbukumbu ya mzazi, yaani tarehe mtoto alipougua, au tarehe mtu wa nyumbani alipougua, hata kama mtoto mwenyewe hakuonyesha dalili. Vilevile mchochota huu hauambukizi, na hakuna sababu ya kumtenga mtoto na ndugu zake.

Damu hurudiwa kupimwa kwa sababu viashiria vya mchochota hupanda haraka, na picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti huonyesha kama mishipa inayolisha moyo imetanuka. Matibabu ni ya wodini: kingamwili kwa dripu, steroidi (dawa za kutuliza mchochota), na mara nyingi aspirini kwa kipimo kidogo. Mzazi asisome hapa akampa mtoto aspirini nyumbani. Kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi, dawa hiyo inaweza kuharibu ini na ubongo. Homa itulizwe kwa parasetamoli kwa kiwango cha uzito wake.

Baada ya kuruhusiwa, picha ya moyo hurudiwa baada ya wiki 1 hadi 2, kisha wiki 4 hadi 6, hata kama mtoto anaonekana mzima. Ikiwa moyo uliguswa, michezo ya nguvu husimama kwa miezi 3 hadi 6, na anayeruhusu kurudi uwanjani ni daktari wa moyo, si mwalimu wala mzazi. Aliyepewa kingamwili kwa dripu husubiri kwa kawaida miezi 11 kabla ya chanjo ya surua au tetekuwanga, hivyo tarehe ya dripu iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kabla hajatoka wodini.

Usisubiri siku ya kliniki mtoto akipumua kwa shida, akichanganyikiwa, akiwa mgumu kuamka, au asipokojoa kwa muda mrefu. Bonyeza ukucha wake sekunde 5 kisha uachie. Weupe ukichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi wekundu, mpeleke hospitali wakati huohuo, hata kama ni usiku.