Ziada ya Fedha Si Kosa

Katika bodi nyingi za mashirika ya kijamii kuna imani iliyodumu muda mrefu kwamba shirika lisilolenga faida linapaswa kumaliza fedha zake zote kabla ya mwaka kwisha, la sivyo litafutiwa usajili. Mjumbe mpya huisikia katika kikao chake cha kwanza, akaipokea kama sheria.

Kinachokatazwa ni kugawana ziada. Nchini Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024, inaruhusu shirika kufanya shughuli halali za kiuchumi mradi mapato yatumike tu kwa malengo ya umma ambayo shirika liliundiwa. Kwa hiyo shirika linalokodisha ukumbi wake likabakiwa na fedha mwezi Desemba halijavunja sheria. Lingeivunja kama wajumbe wangegawana fedha hizo.

Fedha za mfadhili ni jambo jingine, kwa kuwa zimefungwa na mkataba, na salio lake huenda likalazimika kurudishwa. Mweka hazina atenganishe mafungu haya mawili vitabuni.

Naona imani hii ina madhara makubwa, kwani bodi inayoogopa salio huishia kununua viti isivyovihitaji, na ufadhili unapochelewa haina akiba ya kuwalipa walimu au wauguzi mishahara. Bodi iamue kiwango cha akiba, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari wa kikao.